Row ya Mpakani

Itumbe, Jumapili

Mwanangu Eliakim,

Sisi wazima, na ng'ombe amezaa. Uliniandikia kwenye simu, "Mama, nasikia kuna row huko nyumbani?" Nikakujibu ziko nyingi na zimechipuka vizuri, maana hapa kwetu row ni mstari wa majani chai. Kumbe ulishtuka, ukanitumia wazee wa kanisa waje kupatanisha! Nikawatembeza shambani wakisifu chai, mpaka dadako Lavender akacheka, akaeleza kwamba neno hilo la Kiingereza likitamkwa vingine ni makelele ya ugomvi.

Lakini hukukosea. Tulipomaliza kumzika baba yako, babako mdogo Mokua aling'oa row ya mpakani ili ajiongezee shamba, akidhani mjane hana sauti. Nilipiga makelele hadi wachumaji wa ng'ambo ya mto wakatua vikapu, naye akatoroka akaacha jembe lake.

Sasa wazee wako wameyaona mashimo kwa macho yao. Kesho napanda miche pale pale, wao wakishuhudia, na jembe ni lile lile la Mokua. Usije kunituliza.

Ni mimi mama yako, mwenye row zote mbili,

Zilpa