Siku Niliyozimia Ukweni

Mjukuu wangu Odeta huko Bujumbura,

Hapa Niboye tupo, bibi yako anakohoa kidogo tu, ng'ombe amezaa. Unauliza kama bado nikisimama naona giza. Naona, lakini mimi si mzee wa kuanguka ovyo!

Nilianguka mara moja tu, ukweni Gahanga, siku ya kumposa bibi yako. Wazee walijadili mahari juani, mimi nimesimama wima bila kusogeza mguu, kidume kweli. Nikazimia. Wenzangu wakaniinua, wakanishikilia nisimame, wakiogopa kwamba mgonjwa hapewi binti. Nikazidi kupotea. Shangazi wa bibi yako akafoka: "Mlazeni! Damu iko miguuni, itapanda kwa ngazi?" Wakanilaza, miguu juu ya mtungi wa pombe, nikafumbua macho. Shangazi akacheka: "Mpeni mke, huyu haachwi peke yake."

Sasa wewe unaandika kwamba mishipa hujikaza damu ifike kichwani, na ya mzee huchelewa, kwa hiyo nikiamka nikae kwanza. Kukaa kunaniudhi! Lakini barua hii nimeiandika ukingoni mwa kitanda, miguu inaniwasha kwa hamu ya kwenda. Bibi yako yuko mlangoni, anauliza: "Mzee, damu imefika?"

Imefika. Nasimama.

Babu yako