Siku Kumi na Nne Bila Chafya

Makongeni, Homa Bay
Jumapili, 28 Juni 2020
Asubuhi: jua tangu saa moja, upepo mdogo kutoka ziwani, barabara imekauka.

Mpendwa dada Wegesa,

Shikamoo, kama mnavyosalimiana huko Mwanza. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba unakula. Je, kifua cha shemeji kimetulia? Redio imesema shule zenu zinafunguliwa kesho. Waambie watoto mama yao mdogo anawatakia masomo mema, na wasivue maski hata wenzao wakiwacheka. Zetu bado zimefungwa.

Sisi tupo. Shemeji yako Onyango ni mzima na anaendelea na kazi yake gatini ziwani, ingawa samaki wananunuliwa kwa kusitasita siku hizi. Mimi cherehani yangu inashona maski tangu asubuhi hadi jioni. Sare za shule hakuna anayeuliza.

Dada, tangu siku tuliyomzika Mama nimekupigia simu mara sita na hukushika. Sikulaumu. Siku ile uliniuliza kwa simu neno moja tu: "Rael, ulikuwa wapi siku zote hizo?" Mimi nikalia, nawe ukakata. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa tarehe, maana unanijua mimi, nisipoandika jambo silielewi. Barua itakuja na dereva wa lori la saruji anayevuka mpaka wa Isebania Jumanne. Malori ndiyo pekee yanayopita. Naandika pia kwa sababu kwenye simu ningesema nusu tu.

Unakumbuka aleji yangu ilivyoanza nikiwa kidato cha pili. Kila mahindi yakitoa maua, pua inafunguka kama bomba bovu, macho yanawasha, na chafya zinakuja kwa mafungu. Mama alikuwa akisema hahitaji kwenda shambani kuona kama mahindi yamechanua, yeye hunisikiliza mimi. Wewe ulikuwa ukihesabu kwa sauti kutoka jikoni, ukifika ishirini unapiga makofi. Tulicheka sana na ugonjwa huu. Sikujua kuna mwaka utatukomesha kucheka.

Mwaka huu chafya imekuwa kama kosa la jinai. Mwezi wa nne mwishoni nilikuwa nampima mama mmoja gauni, nikapiga moja tu, tena ndani ya kiwiko. Alitoka mbio na tepu yangu ya kupimia ikiwa bado kiunoni mwake. Aliirudisha kesho yake kwa kuirusha mlangoni, imelowa sanitaiza. Onyango alicheka hadi akakaa chini. "Rael, wewe sasa huna haja ya mbwa," alisema. "Mwizi akija, piga chafya."

Tarehe 4 Mei, Jumatatu, Mama alinipigia kwa simu ya ndugu yetu Maroa. Miguu ilikuwa imevimba, na pale zahanati walikuwa wamewaambia ni presha na moyo umechoka. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Njoo ulale hapa kwangu kidogo. Gati ananitunza vizuri, lakini ni mke wa mwanangu, namwonea haya kunishika mwili." Nikamwambia nitakuja kesho. Nilikuwa nimeanza kukunja nguo nilipopiga chafya ya kwanza, kisha ya pili, kisha nikapoteza hesabu.

Nilikaa kitandani na nguo mapajani. Wiki ile kila mtu alikuwa akizungumzia madereva waliopatikana na korona kule mpakani, na kwamba inawamaliza wazee wenye presha.

Onyango akasema, "Si ni ile aleji yako ya kila mwaka?"

"Na kama siyo?"

Kupimwa wakati ule kulimaanisha kupelekwa karantini, ulale bwenini na watu ambao labda ndio wagonjwa wenyewe. Basi nikajiwekea sheria yangu. Nikikaa siku kumi na nne bila chafya hata moja, nitajua ni salama, nitaenda kwa Mama. Nikipiga chafya, naanza upya kutoka siku ya kwanza. Niliandika sheria hiyo katika daftari langu na nikapiga mstari chini yake.

Nilimweleza Mama. Alisema, "Hata ng'ombe wangu anapiga chafya, na hakuna aliyemfungia." Lakini alikubali. Tangu siku ile kila jioni alimwambia Maroa apige simu, na swali lake likawa moja: "Uko siku ya ngapi?"

Tarehe 13 Mei nilikuwa siku ya tisa. Nilipiga chafya kumi na moja kabla ya chai. Nikafuta, nikaanza upya.

Tarehe 25 Mei nilikuwa siku ya kumi na mbili, nguo ziko kwenye begi, na sabuni ile ya maziwa anayoipenda nimenunua. Chafya nne. Nikaanza upya. Jioni ile nilipomwambia, Mama alisema, "Sawa, anza," kwa sauti ileile ya kutuma mtoto maji.

Tarehe 6 Juni, Sabato, tena siku ya kumi na mbili. Tulikuwa tunasali nyumbani, Onyango na mimi, maana kanisa limefungwa. Nilizuia chafya kwa mkono hadi machozi yakanitoka, nikadhani nimeshinda, na katikati ya sala ikatoka. Onyango alifumbua macho akanitazama. Alisema, "Rael, mimi sikusikia kitu." Nikamwambia Mungu amesikia. Nikaanza upya.

Dada, sasa najiuliza kwa nini sikumruhusu yule mwanamume aninyamazie.

Tarehe 17 Juni, Jumatano, nilikuwa siku ya kumi na moja. Zilibaki siku tatu. Saa sita na nusu mchana Maroa alipiga. Mama alikuwa amekunywa uji, akaomba ageuzwe atazame mlango, na Gati alipomgeuza alikuwa ameshakwenda. Baadaye walisema haikuwa korona, moyo tu ulisimama.

Mazishi unajua yalivyokuwa, saa tatu asubuhi ya Ijumaa, orodha ya chifu yenye majina kumi na tano, bila mkesha, bila chakula. Jina langu lilikuwa la tatu. Usilolijua ni kwamba walioingia ni watu kumi na wanne.

Unakumbuka njia ya kuingia bomani. Mwezi wa tatu mwanzoni, kabla ya korona, nilikuwa huko siku nne nikipanda na Mama. Yeye alisema tupande hadi ukingoni mwa njia, ardhi isilale bure. Tulipanda pande zote mbili, yeye anachimba, mimi naangusha mbegu. Ijumaa ile mahindi yale yalikuwa yamenipita urefu, yamechanua yote, na jua lilikuwa limeshatoka. Vumbi lile la manjano lilikuwa linaanguka juu ya kitambaa changu cheusi. Nilivuka nusu ya njia nikiwa nimebana pumzi. Getini alikuwa amesimama afisa wa afya, msichana mdogo mwenye kile kipima joto cha kuelekeza usoni, na mzee Ryoba wa nyumba kumi ameshika orodha. Kipima joto kikasema niko sawa. Ryoba akaweka alama kwenye jina langu. Ndipo zikaanza.

Wegesa, nilipiga saba. Watu waliokuwa karibu na geti walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama waliovutwa na kamba.

Ryoba akasema, "Rael wa Homa Bay! Hiyo ndiyo zawadi uliyotuletea?"

"Mzee, unanijua. Hii ni ya mahindi. Umenisikia tangu nikiwa msichana."

"Nilikuwa nakusikia. Lakini wakati ule chafya ilikuwa chafya."

Nilikuwa nimebeba daftari zangu za miaka mitatu kwenye mkoba. Niliogopa jambo kama hilo. Nikazitoa, nikamfungulia yule afisa: Mei 2017, Mei 2018, Mei 2019, zote chafya, chafya, chafya. Alisoma akiwa mbali, shingo imenyooka. Hakuwa mkatili. Alisema, "Mama, pole sana. Lakini daftari si kipimo." Hilo ndilo nililojiambia mwenyewe tangu tarehe 4 Mei. Nilikuwa nimemfunza kazi yake kabla hatujaonana.

Basi nilimzika Mama nikiwa nimesimama kwenye mahindi aliyopanda yeye, hatua arobaini kutoka kaburini. Niliona kwa kupitia kati ya mistari. Niliona kofia ya mchungaji na mgongo wa Maroa. Sanduku sikuliona likishuka, niliona kamba tu.

Ulipofika wakati wa udongo, Maroa alitoka akaja njiani na kibuyu kile kilichokatwa, cha Mama cha kuchotea nafaka. Alikiweka chini akarudi nyuma. Nikatia udongo konzi moja kutoka kwenye shina la mahindi, nikarudi nyuma na mimi. Kabla Maroa hajakibeba, yule msichana wa afya alikuja akakipulizia dawa, nje na ndani, udongo ukalowa ukawa tope. Maroa akaupeleka hivyohivyo. Huo ndio mkono wangu katika kaburi la Mama.

Walipomaliza, Gati alinijia hadi pale njiani. Aliniwekea chini kikombe cha bati, kile cha buluu chenye mdomo uliobanduka, kimefungwa kwa kitambaa. Aliniambia Mama alikiweka kando ya mto wake wa kulalia, na kila asubuhi alipoamka alitia punje moja ya maharagwe. Ndiyo ilikuwa hesabu yake, kwa kuwa hakujua kuandika. Hata asubuhi ya mwisho alitia kabla ya uji. Nilikibeba bila kukifungua. Nilijua kina punje kumi na moja.

Nimerudi hapa Homa Bay, na wiki nzima nimekuwa nikisoma daftari. Unajua kila ukurasa wangu huanza na hali ya hewa, ni tabia tu tangu shule, hata siifikirii. Sasa soma na mimi. 13 Mei: jua kali baada ya mvua ya siku mbili, upepo. 25 Mei: jua, upepo tangu alfajiri. 6 Juni: jua, upepo, nguo zimekauka kabla ya saa nne. Na siku zile za katikati nilizokuwa najipongeza ni mvua, mvua, mawingu, manyunyu. Korona haingoji mvua ikatike, dada. Jibu nililokuwa nalitafuta lilikuwa juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami nikawa nasoma nambari ya siku tu.

Jana jioni, Sabato ilipokwisha, nilifungua kikombe. Nilikuwa nimetandaza kitambaa mezani. Nilihesabu mara moja nikadhani nimekosea. Onyango akahesabu naye. Ni punje arobaini na nne.

Ilinichukua muda kuelewa. Kuanzia 5 Mei hadi 17 Juni ni siku arobaini na nne. Kila nilipomwambia Mama, "Nimeanza upya," alisema sawa, anza. Lakini yeye hakuanza upya hata mara moja. Hakumwaga punje hata moja. Nilipokuwa siku ya kumi na moja, Mama alikuwa siku ya arobaini na nne.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Nilikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwake, mzima wa afya, nikihesabu. Usiniambie nilifanya kwa kumpenda. Onyango ameshaniambia na mchungaji ameshaniambia, na ni kweli, na hainisaidii.

Nilimpigia Maroa nikitaka tugawane punje zile sisi watatu. Alikataa. Alisema, "Gawaneni nyinyi wawili. Mimi nilikuwa naye." Hakusema kwa ubaya. Basi nimezifunga ishirini na mbili katika kipande cha kitenge, zimo ndani ya bahasha hii, nimezishonea ili zisimwagike njiani. Wewe mpaka ulikufungia, mimi nilijifungia mwenyewe, lakini Mama alikuwa akitungoja sote wawili, na najua baadhi ya asubuhi zile alitia punje akikufikiria wewe. Ukitaka kupanda, panda. Ukitaka kuzitupa, ni zako.

Simu yangu iko wazi. Hata usiposema neno, piga tu nisikie unapumua.

Nisalimie shemeji, na Benard, na wale mapacha. Maroa na Gati wanakusalimu, na Onyango anasema samaki wako wa kukausha hajampata, bado anamdai mvuvi. Mungu aliyemfumba Mama macho bila maumivu akulinde, na akufungulie njia uje uone kaburi, nami nikuonyeshe mahali niliposimama.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata ukinyamaza,
Rael

Jumatatu, 29 Juni. Mawingu, hakuna upepo. Sijapiga chafya. Naongeza haya kabla sijafunga bahasha: jana nilimeza piritoni moja, ile dawa ya aleji, nikaweka kikombe kando ya mto, nikalala saa nne na dakika kumi mfululizo.