Vilivyoachwa Mezani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wateja wamepanga foleni mpaka nje ya kibanda chako cha kinyozi kama nilivyowaacha. Wazee wanaendeleaje? Magoti ya mama yametulia? Mwambie nakula vizuri, asiulize tena kila akipiga simu. Mimi ni mzima, na leo ni mzima kuliko siku zote za mwaka huu. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeanza utani wako, nami ningepata pa kujificha.

Najua mnadhani huku nachora kutwa. Karakana yetu ya sanaa zamani ilikuwa ghala la magodoro. Mlangoni wanakaa wafinyanzi, katikati wachongaji na mzee mmoja mchora vibao vya maduka, na mwisho kabisa, nyuma ya pazia, waigizaji wanafanya mazoezi. Kila mtu ana meza yake. Tena wana desturi ambayo mwanzoni niliiona ya kichaa: hakuna anayesifu wala kukosoa kazi ya mwenzake kwa mdomo. Ukipendezwa na kazi ya mtu, au ukiona imepungukiwa, unamwachia kitu mezani, unaenda zako. Mchongaji mmoja aliachiwa msasa na watu watatu siku moja. Alinuna wiki nzima, kisha akaukwangua ule mti mpaka ukang'aa.

Mimi kwa miezi mitano sikuachiwa hata kijiti. Nilichora watu kwa mkaa, nikafuta, nikachora tena, na kila asubuhi naikuta meza vilevile. Nilijikaza kisabuni, nikacheka na wenzangu wakati wa chai, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha. Mara mbili nilifunga begi.

Basi mwezi uliopita pazia la waigizaji likachanika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina la maana mkononi, nikapewa sindano na Shangazi, ndivyo tunavyomwita mfinyanzi anayeongoza karakana. Nilishona kwa hasira, mishono mirefu, uzi wa rangi yoyote iliyokuwepo. Nimekaa sakafuni, huku nasikia nyundo za wachongaji, kule mwigizaji mmoja anaangua kilio cha msiba, na akimaliza tu anauliza kama chai imebaki. Nikaanza kumshona yeye, sura yake kwa uzi juu ya pazia. Nikashona mdomo wake, kisha kikombe. Halafu nikamshona mchora vibao na mgongo wake uliopinda. Nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wameshakwenda kula zamani, mimi sina habari.

Kesho yake nikakuta mezani uzi mwekundu ambao haujafunguliwa, sindano nene ya kushonea magunia, na kutoka kwa waigizaji, pazia la pili, nalo limechanika. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ile hofu kwamba sina kitu ndani yangu iliniondoka palepale, kaka, nikajiona mwepesi.

Na hapo ndipo nikashindwa kuendelea na uongo. Napiga moyo konde nikwambie. Niliposema sikuachiwa kitu, niliruka siku ya kwanza. Siku ya kwanza meza yangu ilijaa. Walikuwa wameiona picha niliyoombea nafasi, na picha ile haikuwa yangu. Ni ile uliyomchora baba kwenye kiti chako cha kunyolea, amesinzia, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, ukaichora nyuma ya karatasi ya kalenda. Baba anajulikana huku kuliko mimi. Mama hakuichoma na takataka kama ulivyodhani. Niliichukua mimi, nikaiviringisha, nikaandika jina langu chini. Ulimnunia mama kwa kosa langu, naye akaamini kweli kaichoma, na wewe tangu hapo hujashika mkaa. Niliyaona yote hayo nikanyamaza. Naona aibu sana.

Jana nilimweleza Shangazi, nikasema nitaondoka. Aliendelea kunawa udongo mikononi, akaniuliza kama mwenye picha yu hai. Nikamjibu yu hai, ananyoa watu. Akasema basi nampotezea muda yeye Shangazi, nikamwambie mwenye picha. Pazia nimelishona mimi, kwa hiyo meza ni yangu, na huyo kinyozi siku akija atatafutiwa yake. Usiku nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Dereva anayekuletea barua hii ana kifurushi. Ndani kuna picha yako. Jina langu nimelifuta, pamebaki alama kidogo, nisamehe na hilo. Pamoja nayo kuna vyote nilivyovikuta mezani siku ile: penseli za mkaa, kisu cha kuzichongea, na karatasi nzito za yule mchora vibao, ambazo wenzangu wanasema hajawahi kumpa mtu. Sijagusa hata kimoja. Waliviacha kwa ajili ya mkono wako.

Msomee mama barua hii yote, umwombe aniwie radhi mpaka nitakapokuja kupiga magoti mwenyewe. Msalimie baba na wote hapo kibandani. Kasirika utakavyo, kaka, ila usininyamazie.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku