Baba, Nilipima Korongo Kiangazi

Baba yangu, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Leo nilikuwa Ihumwa, kwenye korongo letu. Unakumbuka nilipokuja na futikamba, nimetoka tu kumaliza chuo, nimepewa kazi ya kuwaonyesha wanakijiji mahali pa kupanda miti ya kushikilia udongo? Ulinishikia ncha moja, ukavuka mchanga mkavu mpaka ng'ambo. Nilipima upana na kina, nikachomeka vigingi hatua tatu kutoka ukingoni.

Ukaniambia, "Mwanangu, kwenye kona hii maji yanakula upande wetu. Rudi upime baada ya mvua."

Nikakujibu mbele ya watu, "Baba, vipimo havidanganyi."

Ulichukua jembe, ukachimba mashimo palepale niliposema. Kiangazi kizima ulibeba maji kwa madumu kuinywesha ile miche ya mikuyu tuliyopanda, na mgongo wako ulivyokuwa ukikusumbua.

Mvua ya kwanza ikamega ukingo. Ya pili ikaondoka na miche pamoja na kipande cha shamba la uwele. Nilipopiga simu ulisema, "Mmoja umebaki, usijali." Nilipokuja sikuukuta hata huo. Ulinificha ili nisiumie. Nami, badala ya kukuomba radhi, nikasema mvua ilizidi. Kabla mwaka haujaisha tukakuzika.

Siku hizi napima kiangazi na baada ya mvua, kila kona peke yake. Leo vigingi vimerudi nyuma mno, hadi shambani kwa Mama Neema, jirani yetu. Akasimama mbele yangu.

"Miti ya baba yako imekwenda na maji. Sasa unataka na shamba langu?"

"Nilikosea, mama. Mzee aliniambia, sikumsikia."

Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka kosa langu. Nikamuuliza maji yalifika wapi msimu uliopita. Alinitazama sana, kisha akatembea, akavipita vigingi vyangu, akasimama katikati ya uwele wake.

"Yalifika hapa," akasema, huku machozi yakimlenga.

Angeweza kunidanganya alinde shamba lake, Baba. Hajakubali kupanda miti, amesema atafikiri. Simlaumu.

Nisamehe. Neno hili nilipaswa kukuambia ulipokuwa ungali unasikia.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako wa mwisho.