Mbwa Katika Nyumba ya Mgonjwa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Uji niliokunywa umerudi wote. Mgonjwa ana faida moja tu: watu wanaongea mbele yake kama vile ameshazikwa.

Leo wameongea habari za mbwa. Mjukuu wangu Kuluthumu anataka kuwaletea mbwa wanawe pacha, Kulwa na Doto. Miaka saba. Kulwa anauma watu — madrasa wamemfukuza, wenzake wanamwita mbwa. Doto hasemi. Akiona lango wazi anakimbia, na wiki iliyopita aliokotwa relini. Daktari kamwambia mama yao mnyama mpole huenda akawatuliza. Mtoto anaitwa mbwa, dawa yake mbwa! Shahada kaitundika ukutani, na hiyo ndiyo akili yake.

Idrisa, kitinda mimba wangu, amekataa. Lakini nyumba ni yangu, kwa hiyo wanangoja neno langu. Wangoje.

Jumatano, 5 Juni

Idrisa kaja na hoja. Nyumba yenye mbwa malaika wa rehema hawaingii, na Mama anaumwa. Kasema taratibu, macho kwenye simu. Huyu! Swala ya Ijumaa yenyewe anaikumbuka akiona wenzake wamevaa kanzu. Nimefundisha watoto wa watu kufikiri, wangu kabaki hivi.

Kuluthumu naye ameshampigia sheikh. Sheikh kasema mbwa wa ulinzi hana neno, ila akae uani. Nikauliza atalinda nini, hatuna hata kuku.

"Atamlinda Doto na reli, Bibi."

Nikajifanya nimesinzia.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kumdanganya. Nimemcheka Idrisa, lakini neno lake limenikaa. Mimi niliyesoma, niliyewadharau wenye hirizi — naogopa. Sitaki kufa katika chumba kitupu. Nawataka hao malaika. Ndiyo sababu nataka kusema hapana. Si najisi, si sheria. Kizee anataka chumba safi cha kufia, mtoto akimbie tu relini.

Kumwambia Kuluthumu hivyo? Siwezi.

Ijumaa, 7 Juni

Mbwa kaja. Mathias, mkulima wa Puge, kamleta kwa pikipiki ndani ya kiroba, kichwa nje kama abiria aliyelipa nauli. Jike, rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Nilitegemea mbwa, wameniletea mifupa.

Mathias kaniamkia pale mlangoni, shikamoo Mama. Kasema mbwa kakua na watoto wake na hajauma hata mmoja. Yeye Mathias analala kwa ndugu yake hapa mjini, kesho anarudi. Tukimkataa, anaondoka naye.

Idrisa kamwambia Kulwa, haya, mwenzio huyo. Kacheka peke yake. Mwanamume mzima, ana ndevu, anamtania mtoto mgonjwa! Nilimzaa mimi, sina wa kumlaumu.

Doto alikaa uani na mbwa mpaka magharibi. Lango lilikuwa wazi. Hakutoka.

Jumamosi, 8 Juni

Kifua kibaya. Herufi zinapanda na kushuka.

Mathias yuko nje, pikipiki inanguruma. Pacha wako chumbani kwangu. Wamekuja kumficha mbwa asichukuliwe. Tena chumbani humu, si uani! Amelala sakafuni pembeni ya kitanda, ananuka majani yaliyooza. Doto kamlalia ubavuni, kafumba macho. Kulwa kashika kamba kwa mikono miwili.

Nimemwambia atoke naye. Kaniangalia.

"Akiondoka, nauma mtu."

Angalau huyu anasema anachokitaka. Katika ukoo huu ni wa kwanza.

Idrisa anaita kutoka barazani — Mama, tunamrudisha? Mtu anasubiri. Ndani haingii, anaogopa najisi ya mbwa, afue kanzu mara saba kwa udongo. Kuluthumu kasimama mlangoni. Hanisihi. Afadhali angenisihi, ningepata kisa cha kumkaripia.

Nimemwambia Kuluthumu akunje mswala wangu pale chini, auweke juu ya kabati, mbwa asiukanyage. Kanitazama kwanza. Ameukunja. Sasa anauliza afunge mlango au auache wazi.