Mariage ya Jémima na DJ wa Kinshasa mwenye kukaa mu clé yangu

Mama Odile, mushauri mupendwa, naomba musaada, lakini kwanza ujue unasoma barua ya mutu wa bahati, juu hapa Musonoi nzima hakuna kijana mwenye Mungu alimuangalia kama mi: mwaka jana DJ moja mukubwa wa Lubumbashi alikuja ku fête, akaniita nyuma ya mashini yake, akashika mukono yangu akaiweka ku bifungo yote, akasema, "Weye ulizaliwa nayo," na tangu ile siku batu bote bananiita DJ Mechack, hata mama yangu, kama anataka nichote maji.

Sasa sikia. Rafiki yangu Tharcisse alihamia Mutshatsha, akaniachia table yake ndogo ya mixage, mashini ya kuunganisha nyimbo, mi nikaona kujifunza ni kazi ya bale hawana bahati, nikaweka mu clé, kale kadogo ka USB, mixage ya saa moja yenye mutu mwingine alitengeneza zamani, kila fête nikavaa casque ku masikio, nikazungusha bifungo yenye haikufanya kitu, batu bakacheza, bakapiga makofi, na dada yangu Jémima akamuambia DJ wa mariage yake, "Tata, baki tu nyumbani, niko na kaka yangu."

Juzi tulikuwa na fête ya komunyo kwa jirani, batu bakajipanga kuleta zawadi bakicheza, unajua vile tunafanya, tonton Ntambwe mbele na beseni ya masahani ku kichwa, kiuno inazunguka, na pale pale mixage ikaruka yenyewe paka ku wimbo ya polepole ya mapenzi, tonton akabaki muguu moja juu, na mu bafle sauti ya mwenye ile mixage ikalia, "Kinshasa, muko wapiii?"

Mama, tuko Kolwezi.

Tonton akauliza, "Mechack, hapa Kinshasa iko wapi?" Nikasema nasalimia bageni. Bote bakacheka, Jémima hapana. Akaniuliza, "Kaka, unajua kweli?" Nikajibu, "Mi? Mwenye kushikwa mukono na DJ wa Lubumbashi?" Mariage iko kisha wiki tatu, bakwe batatoka mbali na zawadi yabo, na sijui hata kuingiza wimbo moja juu ya ingine bila kugongana. Nikimbie?

Mechack, Musonoi, Kolwezi

*

Mechack, mutoto yangu,

Utakimbilia wapi na ile table ku kichwa? Nimecheka paka machozi, kisha nikakasirika. Dada yako alifukuza mutu mwenye kujua kazi, juu yako. Kama muziki itakatika, bakwe bataweka zawadi chini sawa mizigo ya gare ya train, na haya itabaki kwa Jémima, hapana kwako.

Kesho asubui acha table. Enda kwa mama yako, mutwange majani ya sombe, weye na yeye, mu kinu kimoja. Anaanza yeye. Weye sikia: moja, mbili, tatu, ine. Usiingie paka moja yake irudi. Mukishatwanga mwendo moja, yeye anatoa muti yake ya kutwangia polepole, na kinu haisikii kitu. Njo mixage, ile. Kisha rudi ku table: wimbo ya kwanza mu bafle, ya pili mu sikio moja ya casque, uiongeze ao uipunguze mbio paka zitembee pamoja. Punguza bass ya kwanza mbele ya kupandisha ya pili, juu bass mbili ni bibi babili mu jikoni moja. Jifunze nyimbo kumi, hapana mia. Na siku ya zawadi, macho ku miguu ya batu! Tonton akiwa angali anazunguka, mupe tena kipande ya gitaa yenye anachezea.

Ile clé, tupa. Na leo, hapana kesho, ambia Jémima ukweli, muite tena yule DJ wakati angali ana nafasi. Umuombe akuachie nyimbo kumi zako, yeye afanye ingine. Bahati haijui kuhesabu paka ine.

Mama Odile

*

Mama Odile,

Nilimuambia Jémima. Alinitupia muiko ya kusonga bukari, kisha akamuita DJ, na yule tata amekubali. Tunatwanga kila asubui, majirani banakula sombe bila kuomba.

Na ile ya Lubumbashi ni uongo. Hakuna mwenye alinishika mukono. Yule DJ mukubwa nilimubebea bafle mbili, akaniambia nitoke mbele ya taa.