Tundu Juu ya Meza ya Mzee Msanifu

Jumatatu, 7 Septemba 1992
Bado niko Kilole. Nimefua, nimepiga pasi sketi ileile. Tangu kampuni ya ujenzi ifungwe, mchora ramani mimi sina pa kuchora. Shangazi ananingoja gulioni tuuze mitumba. Sitaki! Kesho naenda kuomba kazi kwa Mzee Msanifu, yule aliyesanifu majumba makubwa ya Dar kisha akahamia nyikani. Akinikataa, basi tena.

Jumanne, 8 Septemba
Nyikani, mbele ya kijiji cha Kwedizinga. Nyumba ndefu ya udongo, rangi ya vumbi lenyewe. Niliipita bila kuiona. Ndani ubaridi, kimya, harufu ya samadi na penseli. Mzee peku, mwembamba. Shikamoo yangu kaipokea, michoro yangu hakuifungua. Kasema kila mgeni hapa hukandika ukuta kwanza, kwa udongo na samadi. Nimeudhika. Nimesomea kushika mavi ya ng'ombe?

Jumatano, 9 Septemba
Nakandika na Mama Naserian. Kwao Wamasai kujenga nyumba ni kazi ya wanawake, na kuta hizi kazijenga yeye. Anaicheka mikono yangu. Mchana mrefu, joto linacheza nje, naota nikiwa macho. Nimepapenda hapa, jamani.
Jioni Mama Naserian alipokwenda kukamua, niliona tundu ukutani, juu ya meza ya Mzee. Nikaliziba, nikalisawazisha vizuri. Najisifu.

Alhamisi, 10 Septemba
Balaa. Asubuhi nimemkuta Mzee mezani, gizani, karatasi tupu. Kumbe kila siku jua huingia kwa tundu lile, hutambaa juu ya karatasi, ndipo naye huanza kuchora. Hakunifokea. Bora angenifokea.
"We binti, umeifumba nyumba jicho!" Mama Naserian huyo.
Nimelia nyuma ya zizi. Nimefunga begi.

Ijumaa, 11 Septemba
Sijaondoka. Mzee kanipa kisu, kaonyesha ukuta. Udongo umeshakauka, na mahali penyewe sipakumbuki. Nimetoboa kwa kubahatisha. Naogopa kweli.

Jumamosi, 12 Septemba
Jua limeingia. Halikumfikia Mzee. Limeangukia ncha ya pili ya meza, penye kigoda kitupu. Nikajua nimeharibu tena.
Mzee akalitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua michoro yangu, akaikunjua pale penye mwanga, akakivuta kigoda.
Nikakaa.
Nimechora mpaka jua lilipotoka mezani. Yeye kasinzia gizani kwake. Mama Naserian ananicheka dirishani. Kesho nitamtobolea Mzee tundu la kwake.